Kumbe Ulikuwa Unatuigizia?



Mwezi uliopita rafiki yangu mmoja, tunaimba naye sauti ya kwanza kwenye kwaya, alipita nyumbani kwetu bila taarifa kuniletea kitabu cha nyimbo. Akamkuta mdogo wangu. Mdogo wangu ana miaka 14, haongei, na ana kifafa. Siku hiyo alikuwa ametoka kuanguka, mama anamfuta mate, viti vimepinduka. Rafiki yangu akasalimia, akaweka kitabu mezani, akaondoka haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Kesho yake baada ya mazoezi akaniita pembeni. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa unatuigizia? Kila siku wewe ndiye unacheka, wewe ndiye unatutania, kumbe nyumbani kwenu kuko hivi?"

Sikumjibu. Ningesema nini? Neno likanikwama kooni, na mpaka leo halijashuka vizuri. Maana hakunitukana, na nadhani alikuwa ameumia kweli. Alijiona amedanganywa. Nami nikaanza kujiuliza: mtu mwenye uchungu moyoni akija mbele za watu na uso wa kucheka, je, anasema uongo? Tunajua jinsi Bwana wetu alivyowachukia wanafiki. Sasa mimi na tabasamu langu la Jumapili tuko upande gani?

Nitawaambia nilikopata mwanga kidogo. Msinicheke, ni mbali na parokia yetu.

Mwalimu wetu wa kwaya ana tabia ya kututumia kwenye kundi la simu video za waimbaji wa opera, eti tujifunze kupumua. Opera, kwa asiyejua, ni mchezo wa jukwaani ambao watu huimba badala ya kuongea, mwanzo mpaka mwisho, bila kipaza sauti. Wengi wetu huwa hatuzifungui (naungama hapa hadharani). Lakini kuna mama mmoja wa Kimarekani nilimpenda kwa sababu alionekana anafurahia kazi yake. Nywele nyekundu, mashavu mapana, kicheko kikubwa. Sauti yake nyembamba na nyepesi, inapanda na kushuka kama mtoto anayekimbia ngazi. Anaitwa Beverly Sills. Nikatafuta habari zake, nikitarajia kusoma kuhusu tuzo na magauni. Nilichokikuta kilinifanya nizime simu na kukaa kimya.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 25 Mei 1929, katika familia ya Kiyahudi, wazazi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Jina lake la kuzaliwa ni Belle Silverman. Nyumbani walimwita Bubbles, yaani mapovu, na jina hilo likamfuata mpaka uzeeni. Aliimba redioni angali mtoto mdogo sana. Alifanyiwa usaili mara kadhaa na New York City Opera kabla hawajamkubali mwaka 1955. Mwaka 1956 akaolewa na Peter Greenough, mwandishi wa habari, ambaye tayari alikuwa na mabinti kutoka ndoa yake ya kwanza. Mpaka hapo ni hadithi ya kawaida ya msichana mwenye kipaji na bidii.

Mwaka 1959 akajifungua binti. Mwaka 1961 akajifungua mtoto wa kiume. Yule binti alipokaribia miaka miwili wakagundua kwamba hasikii. Ni kiziwi kabisa. Na haikupita muda mrefu wakaambiwa kwamba yule mdogo naye ana ulemavu mkubwa wa akili.

Hebu tulia kidogo hapo. Mama ambaye kazi yake, chakula chake, kila kitu chake ni sauti, amemzaa binti ambaye hatamsikia akiimba hata siku moja. Binti angeweza kumwona mama amefungua kinywa, kifua kinapanda, watu wazima wanasimama na kupiga makofi mpaka viganja vinauma. Lakini kile walichokilipia tiketi hakikumfikia. Mimi naimba kwenye kwaya ya parokia tu, hatulipwi hata nauli, na bado huwa naangalia kama mama yangu ametikisa kichwa kwenye shairi langu.

Sills aliacha kuimba. Hakujikaza kishujaa. Alikaa nyumbani na watoto wake, karibu na Boston walikokuwa wamehamia, na huzuni ikamshinda kwa muda. Mkuu wa opera yake, Julius Rudel, alikuwa anamwandikia barua za kumbembeleza arudi, nyingine za utani mtupu. Mume wake naye akampa zawadi ambayo naiona bora kuliko dhahabu: tiketi 52 za ndege za kwenda na kurudi New York, moja kwa kila wiki ya mwaka, ili aende kwa mwalimu wake wa sauti. Hakumhubiria wala kumwambia "jikaze, mke wangu". Akamnunulia tiketi.

Akarudi. Mwaka 1966, akiwa na miaka 37, aliimba nafasi ya Cleopatra katika opera ya Handel, na kwa usiku mmoja akawa mtu anayezungumzwa dunia nzima ya muziki. Mwaka 1969 akaimba La Scala kule Milano. Mwaka 1975, karibu anatimiza miaka 46, ndipo Metropolitan Opera ya mji wake mwenyewe ikamfungulia mlango, baada ya miaka mingi ya kumpita. Watu walimpigia makofi dakika 18. Katikati ya hayo, mwaka 1974, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani. Na kila alipoonekana kwenye televisheni alikuwa yule yule, anacheka, anatania. Wamarekani ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa opera walimjua kwa kicheko.

Basi nikajiuliza lile swali la rafiki yangu. Naye alikuwa anawaigizia?

Watu walimuuliza yeye mwenyewe, kwa maneno yao, na alikuwa na jibu ambalo alilirudia sana. Alikataa kuitwa mwenye furaha. Alisema yeye ni mchangamfu, na hayo ni mambo mawili: mwenye furaha hana kinachomsumbua, mchangamfu anacho, ila amejifunza kuishi nacho. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Kwa Kiingereza sijui linasikikaje kwa wenyewe, lakini kwa Kiswahili chetu naona linakwenda mbali zaidi kuliko alivyodhani.

Kwa sababu sisi tuna neno ukunjufu. Mtume Paulo, anapowaandikia Wakorinto barua ya pili kuhusu mchango, anasema Mungu anampenda mtu anayetoa namna gani? Katika tafsiri ninayosoma mimi, ni mwenye moyo wa ukunjufu. Miaka yote nilidhani maana yake ni kutoa huku unafurahi. Lakini lisikilize neno lenyewe. Kunja, kunjua. Nguo iliyokunjwa unaikunjua. Mkeka unaukunjua mgeni akija. Uso uliokunjana unaukunjua. Furaha inakuja yenyewe kama mvua, au haiji. Kukunjua ni kazi ya mikono. Mtu anaweza kukunjua mkeka wake hata siku ambayo hana kitu cha kuweka juu yake, na mgeni akakaa.

Sasa mkeka uliokunjuliwa ni uongo? Mgeni akikaa akastarehe, halafu baadaye akagundua kwamba wenyeji walilala njaa, atasema walimwigizia?

Nikakumbuka pia Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo sura ya 6. Tunaisikia kila mwaka kabla ya kupakwa majivu. Bwana anawataja wanafiki, na ukisikiliza vizuri, wanafiki wale hawacheki. Wamekunja nyuso! Wanauharibu uso ili watu wajue wamefunga. Yeye anawaambia wanafunzi wake wajipake mafuta, wanawe uso, na yale mateso ya kufunga yabaki kati yao na Baba anayeona sirini. Kwa hiyo Bwana mwenyewe anajua kuna mambo mazito ambayo mtu anayabeba akiwa amenawa uso, na hakuita hilo unafiki. Niliposoma hapo nilifurahi, nikataka kumtumia rafiki yangu sura na mistari, nishinde kesi.

Namshukuru Mungu sikutuma. Kesi yenyewe haijaisha hapo.

Kwanza, rafiki yangu ana hoja, tena hoja ya Kikristo. Paulo huyo huyo anawaambia Wagalatia wabebeane mizigo. Mzigo ambao mwenzako hauoni ataubebaje? Ukicheka na watu wote siku zote, unawanyima nafasi ya kukupenda. Bwana wetu alipofika Gethsemane hakunawa uso. Aliwachukua watatu, akawaambia wazi kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Walilala, ndiyo. Lakini aliwaambia. Sills naye alikuwa na mume mwenye tiketi na bosi mwenye barua, na wale hawakupewa tabasamu la televisheni. Waliiona huzuni yenyewe.

Pili, na hapa ndipo nilipoumia. Nilipoendelea kusoma niligundua kwamba Sills hakuwaficha watoto wake. Aliwazungumzia. Kwa miaka mingi aliongoza kampeni ya akina mama ya shirika la March of Dimes, ya kuchangia fedha kwa ajili ya watoto wanaozaliwa na kasoro. Mtu maarufu kama yule angeweza kunyamaza, na enzi zile wengi walinyamaza. Yeye alipanda mbele ya watu na kicheko chake na habari za watoto wake, vyote pamoja.

Alisimulia pia jinsi swali lake lilivyobadilika. Mwanzoni alikuwa anauliza, kwa nini mimi? Baadaye akaanza kuuliza, kwa nini wao? Maneno machache sana, lakini jamani, mtu anaweza kumaliza Kwaresima nzima hajavuka kutoka swali la kwanza kwenda la pili. Nyumbani kwetu kwa miaka swali lilikuwa la tatu kabisa: nani alikosea? Majirani waliuliza, ndugu wa baba waliuliza, mmoja alishauri twende kwa mganga. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilo hilo kuhusu yule kipofu, yeye au wazazi wake, na Yesu akalikataa. Hata hivyo linaishi, linapita kwenye vibaraza.

Na mimi? Mimi nilikuwa na jibu langu la kulikwepa. Kidato cha tano, bwenini, wasichana waliniuliza, "Kwenu mko wangapi?" Nikasema, "Wawili, mimi na kaka." Chuoni nikasema wawili. Nilipojiunga na kwaya, kwenye fomu, nikajaza wawili. Tuko watatu.

Hakuna aliyenilazimisha. Wala halikuwa jambo la kumlinda, maana yeye hajui fomu ni nini. Nilikuwa najilinda mimi. Nilitaka niwe yule msichana mchangamfu mwenye sauti nzuri, nukta. Kwa hiyo rafiki yangu aliponiambia naigiza, alinyoosha kidole mahali pasipo, kwenye tabasamu, lakini alikuwa amesimama mlangoni kwa uongo wenyewe. Tabasamu langu lilikuwa la kweli; nikiwa na wenzangu nacheka kwa sababu kweli nachekeshwa, na kwa sababu mazoezi yale ya saa mbili ni mahali pekee kwa wiki nzima ambapo sisikilizi kama kuna mtu ameanguka chumba cha pili. Sills alisema kitu kama hicho, kwamba baada ya kuivuka huzuni ile alihisi anaweza kuvuka lolote, akawa huru jukwaani, akaanza hata kufurahia. Namwelewa. Hilo sitaliungama. Lile la hesabu nimeliungama, kwenye kitubio, na padre alinyamaza kidogo kisha akaniuliza mdogo wangu anaitwa nani.

Kuna jambo moja katika maisha ya Sills ambalo sitaki kulipita kana kwamba sikuliona. Mtoto wao wa kiume alipokuwa mkubwa kidogo walimpeleka kwenye taasisi ya kulelea watoto wa hali yake. Siku zile Marekani madaktari wengi walishauri hivyo. Niliposoma hapo nilikasirika. Mama yangu amembeba mdogo wangu mgongoni mpaka akawa mzito kuliko yeye. Niliwaza: dakika 18 za makofi, na mtoto yuko kwa watu? Kisha nikajikumbuka mimi ambaye sikumpeleka popote, tunalala nyumba moja, lakini nilimfuta kwenye fomu. Hasira ikapoa. Sijaridhika nalo mpaka leo, lakini nimekosa mahali pa kusimama nimhukumu.

Mwaka 1967 aliimba opera moja ya Puccini, Suor Angelica. Ni habari ya mtawa aliyeingizwa utawani na familia yake kwa sababu alizaa nje ya ndoa. Miaka saba hajapata habari ya mwanawe. Anakuja shangazi yake, mwanamke mkavu, amtie sahihi kwenye karatasi za urithi, na hapo ndipo mtawa anaambiwa mtoto alishakufa miaka miwili iliyopita. Halafu anaimba. Wakatoliki tutakuwa na maswali kuhusu mwisho wa opera ile, maana yule mtawa anakunywa sumu na kumlilia Bikira Maria. Ila mimi nawaza tu kuhusu mwanamke Myahudi mwenye watoto wale wawili, amevaa shela ya utawa, anamlilia mtoto mbele ya ukumbi uliojaa. Usiku ule nani angeweza kusema wapi uigizaji unaishia?

Simleti hapa kama mtakatifu. Hakuwa Mkatoliki wala Mkristo, na angenicheka. Aliaga jukwaa mwaka 1980, akaongoza opera yake mpaka 1989, baadaye akawa mwenyekiti wa Lincoln Center, kisha wa Metropolitan ile ile iliyokuwa inampita. Mwaka 2005 akajiuzulu kwa ajili ya familia. Mume wake alikuwa mgonjwa, amefikia hatua ya kuhitaji nyumba ya uuguzi. Mume akafariki mwaka 2006, yeye mwaka 2007, kwa saratani ya mapafu.

Nilimpigia simu rafiki yangu. Nikamwambia kwamba kuhusu tabasamu amekosea, na kuhusu kuficha yuko sahihi. Akasema, "Mimi nilikasirika kwa sababu ningeweza kuja kumshika wakati mama anapika." Sikuwa nimewaza hilo kabisa.

Jumapili iliyopita mama alimleta mdogo wangu Misa ya pili. Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwenye sauti ya kwanza, nikiwa nimekauka koo kuliko siku ya mashindano ya kwaya. Wakati wa Utukufu alitulia, akawa anatikisika kwa kufuata ngoma. Wakati wa mahubiri akapiga kelele, moja kubwa, kisha nyingine. Watu wakageuka. Dada mmoja kwenye benchi lao akasogea pembeni. Baba Paroko akaendelea kuhubiri. Nami kule juu kwenye kwaya nikahisi uso wangu unajikunja wenyewe, vazi la kwaya na kila kitu, na sikuweza kuukunjua mpaka Nasadiki. Mama akamtoa nje, wakakaa chini ya mwarobaini, na rafiki yangu akateremka ngazi akawafuata.

Tumekubaliana wiki hii watakaa benchi la karibu na mlango.